Mchanga wa Kashata

Mama alipojifia,
Wete nikamzikia,
nyumba nikaifungia,
paka kasalia ndani.

Nikasikia mlio:
si wa njaa, ni kilio,
nikarejea kwa mbio,
nikamtia kapuni.

Meli nzima ikacheka:
"Jitu zima lenye paka!"
Unguja nilipofika,
swali: atachimba nini?

Kwa mama kuna udongo
mwekundu, pembe ya lango,
akichimba kwa maringo,
akifukia, yu ndani.

Hapa ni ghorofa sita,
Michenzani, kuta kuta,
udongo wa kutafuta
ni ule wa mrehani.

Kashata, siku ya pili,
akauchimba vikali,
mti ukalala chali,
na harufu sebuleni.

Bi Zuwena akanena,
pua kwa leso kabana:
"Mchanga ni tele, bwana,
teremka ufukweni."

Nikazoa ndoo mbili,
ghorofa nikakabili,
magoti yote mawili
yanilaani ngazini.

Akaunusa mchanga,
akachimba, akalenga,
kisha nyayo zikatanga,
chembe hadi kitandani.

Na mimi ni fundi saa:
chembe moja ikikaa,
mishale itakataa,
mteja nimpe nini?

Makame kanipa vumbi
la mbao, tumbi kwa tumbi,
paka kaanza vitimbi,
kupiga chafya, jamani!

Chafya yake, chafya yangu,
zikajibizana kwangu,
na ya tatu, ya mwenzangu,
yatoka ghorofa chini.

Mpwangu Talibu kaja
na mfuko wa kioja:
"Ni wa ng'ambo, bei moja,
si wa kuzolewa pwani!"

Punje buluu, nyeupe,
zikilowa ziwe tope
gumu, nichote, nitupe,
harufu ya asumini.

Bei yake? Nikaketi.
Nitengeneze kwa dhati
saa nane kwa wakati
ndipo nifike dukani.

Kashata kachungulia,
mkia kauinua,
akanitazama pia
kama niliyemhini.

Mfuko akaupenda:
kaupindua, kapanda,
kaufanya ni kitanda,
haja kaiacha chini.

Nikakumbuka makonyo.
Shangazi kanipa onyo
kwa simu, na kwa msonyo:
"Wamtaka kaburini?

Mamako hakununua
mchanga, hakuchagua,
paka mwenyewe hujua,
wewe wamwekea nini?"

Nikapanga makarai
kama karamu ya chai,
paka nikimpa rai
achague kwa makini.

La mwisho lina usumba,
vumbi la wasuka kamba,
limeletwa toka shamba
kwenye gari la majani.

Humo nikakung'utia
viatu nilovalia
siku nilomzikia
mama yangu, kaburini.

Udongo wenyewe haba,
hautimii kibaba,
miezi yapata saba
uko kwenye nyufa, ndani.

Paka kasogea pale,
kanusa, kangoja vile,
kachimba kwa kucha zile,
akakaa kwa imani.

Nikatazama dirisha,
saa nikaitingisha
mpaka alipokwisha.
Kumbe nalia. Kwa nini?

Sasa kila Jumapili
napimiwa pishi mbili
za usumba, sio ghali,
pale kwa wauza kuni.

Wafyonza maji upesi,
hauna vumbi jeusi,
nautupa kwa wepesi
shimoni, si mtaroni.

Bi Zuwena kaja juzi,
akanusa tangu ngazi,
kauliza waziwazi:
"Paka yungalipo ndani?"

Udongo ulishatoka
wa Pemba, siku ya taka,
wala hakulalamika.
Ila mie, mlangoni,

viatu nikivivua,
soli huzichungulia:
chembe ikinisalia,
naiacha mle ndani.